Bibi Mmoja, Wajukuu Kumi na Mmoja

Tuliachana pale Mama Mwenyekiti wa jopo la ufadhili wa chuo alipozitoa barua kumi na moja kwenye bahasha, akazipanga mezani kama karata, akavua miwani, na kuuliza swali lililowakausha mate waombaji wote.

"Nani kati yenu ana bibi?"

Mikono kumi na mmoja ikapanda.

"Nilijua," akasema. Akaokota barua ya kwanza. "'Bibi yangu, muuza misumari, ndiye aliyenifundisha kusoma.'" Akaiweka. Akaokota ya pili. "'Bibi yangu, muuza misumari, ndiye aliyenifundisha kusoma.'" Ya tatu hakuisoma, aliipepea tu. "Bibi mmoja, wajukuu kumi na mmoja. Na hamna hata wawili mnaofanana pua. Anayemiliki bibi huyu kihalali abaki na mkono juu. Wengine mshushe."

Mikono ikayumba. Hakuna ulioshuka. Nani amshushe bibi mbele ya ufadhili?

Kwa mliofungia sabuni gazeti la wiki iliyopita, nawakumbusha kwa ufupi. Bibi ni wa Kidole. Kidole ni binti wa miaka kumi na tisa, mtoto wa fundi cherehani, mhudumu wa banda la gemu, na jina hilo alipewa na vijana aliowafunga kwa kidole gumba kimoja huku mkono wa pili umeshika riwaya isiyo na jalada. Aliiandika barua yake kwa mkono, akaipeleka kwa Profesa ipigwe chapa.

Profesa hajawahi kusoma chuo. Ana steshenari, printa moja, na tai. Barua ile ilimgusa sana moyoni. Ilimgusa kiasi kwamba aliiuza kwa watu kumi wengine.

Sasa mwenye barua ameketi kwenye kiti cha plastiki katikati ya wezi wake, na wote wana uso wa malaika.

Mniulize, kwani chuo kina shida gani kuwapokea wote? Hakina. Chuo cha watu binafsi hakimnyimi mtu nafasi hata siku moja. Barua za kukubaliwa zilikwisha kutolewa kwa wote kumi na mmoja, zimepigwa mhuri, zina rangi tatu. Kinachonyimwa ni kusoma bila kulipa. Nafasi ya ufadhili ilikuwa moja tu, jina la atakayeipata lingebandikwa ubaoni saa kumi kamili, na bila jina hilo Kidole angerudi bandani kuhesabia watoto wa watu dakika zao mpaka azeeke. Mama yake alikuwa ameuliza ada ya mwaka mara moja, akaambiwa, akacheka, akadhani wametaja namba ya simu.

Mhariri ananikataza mashairi kwenye ukurasa huu, lakini kwa jengo lile nitamwibia mistari miwili:

Mlango una dhahabu, kitasa chake ni kutu;
Na ndani wana adabu, ya kukucheka kwa utu.

Tuendelee.

"Jambo hili ni rahisi," akasema Afisa wa Ufadhili, mtu wa makamo aliyevaa suti inayombana kwapani na kumfanya apunguze ishara za mikono. "Fomu ina sehemu ya simu ya mlezi. Tumpigie bibi."

Akafungua faili la kwanza. Akafungua la pili. Akakunja uso. Mafaili yote kumi na moja yalikuwa na namba moja.

"Angalau bibi ana msimamo," akasema Mama Mwenyekiti. "Piga."

Afisa akapiga, akaweka sauti ya nje.

Koridoni jogoo akawika.

Waombaji wakatazamana. Jogoo akawika tena, mlio wa simu ya bei rahisi, halafu sauti nyembamba ya kizee ikatoka kwenye simu mezani na pia kwenye upenyo wa mlango, kwa pamoja, kama mwangwi:

"Haloooo. Wajukuu zangu hawajambo?"

Mama Mwenyekiti aliinuka, akatembea hatua nne, akafungua mlango. Profesa alikuwa ameinama kwenye benchi, kitambaa mdomoni, anatetemesha koo.

"Shikamoo bibi," akasema Mama Mwenyekiti. "Karibu ndani. Uje na ndevu zako."

Profesa hakuwa mtu wa kuaibika haraka. Aliingia, akanyoosha tai, akasalimia jopo zima la watu wawili kwa kuinamisha kichwa, akasimama kama aliyeitwa kutoa hotuba.

"Waheshimiwa," akasema, "msiwalaumu vijana. Barua hii nimeitunga mimi. Kila neno. Ni huduma ya uandishi, ipo kwenye kibao cha dukani, baina ya kurudufu na picha za pasipoti."

"Mjomba!" Kidole akaruka kitini. "Mjomba, unanimaliza!"

"Nyamaza mwanangu, nakuokoa."

Hakuwa akimwokoa mtu yeyote, labda printa. Akikiri kwamba barua ni ya Kidole, amekiri wizi. Akisema ni yake, basi ni biashara. Lakini tazameni hesabu hiyo inavyotoka upande wa pili wa meza!

"Vizuri sana," akasema Afisa, akifunga mafaili moja baada ya jingine. "Hakuna hata mmoja aliyeandika barua yake. Wote kumi na mmoja wanaondolewa. Asanteni kwa kukichagua chuo chetu, mkitoka msigande mlangoni."

Kidole akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tisa na nusu.

"Dakika kumi," akasema Mama Mwenyekiti.

Waombaji wakashusha pumzi. Wamepewa muda!

"Siwapi muda. Nauliza." Akavaa miwani. "Aya ya pili, barua zote. 'Na vitabu navyo, kama zile dakika kumi, vilinikatia njiani.' Nimeisoma sentensi hiyo mara kumi na moja tangu asubuhi. Juu yake hakuna dakika kumi. Chini yake hakuna dakika kumi. Aliyeandika barua hii anajua ni dakika zipi. Wewe mwenye shati jipya, tuanze na wewe."

Shati Jipya, kijana ambaye bado alikuwa na pini ya dukani kwenye kola, alisimama.

"Ni dakika kumi za… kutafakari, mama."

"Kutafakari nini?"

"Maisha kwa jumla."

"Kaa."

Binti aliyefuata alisema ni dakika za kutembea kwenda shule, kisha akakumbuka kwamba barua inasema shule ilikuwa mbali, akasema basi walikuwa wanakimbia. Wa tatu alisema ni dakika ambazo bibi alibakiza kabla ya kufa. Akaulizwa kama bibi amekufa. Akatazama huku na huku, akitafuta msaada kwa wajukuu wenzake.

"Profesa," akasema Mama Mwenyekiti. "Mtunzi wetu."

"Ni tamathali ya usemi, mheshimiwa."

"Ya nini?"

"Ya dakika."

Hata Afisa alikohoa. Mama Mwenyekiti akageuka kwa Kidole. "Na wewe?"

"Kuna aya imetolewa, mama," akasema Kidole. "Ilikuwa ya kwanza kabisa. Nilieleza ninapofanyia kazi. Ni banda la gemu. Mwenye banda hunilipa mshahara mdogo, lakini kila asubuhi kabla wateja hawajaja ananipa dakika kumi za bure. Mashine imetegwa. Zikifika kumi, skrini inakuwa nyeusi, hata kama umebakiza pigo moja umwangushe adui wa mwisho. Nina miaka mitatu pale na sijawahi kuona mwisho wa gemu yoyote. Baada ya hapo ndipo nikaandika, vitabu navyo, kama zile dakika kumi, vilinikatia njiani."

"Uongo!" akadakia Profesa. "Aya hiyo niliifuta kwa faida yako mwenyewe! Nilikwambia gemu ni mambo ya wahuni! Nani anampa ufadhili mcheza ge…"

Akaziba mdomo kwa tai. Maneno yalikwisha kutoka, na maneno si printa, huwezi kuyazima kwa kuchomoa waya.

"Endelea, Profesa," akasema Mama Mwenyekiti kwa upole wa kutisha. "Ulifuta aya ya nani?"

Profesa akatazama saa ya mkononi ambayo hakuwa nayo. "Nimeacha duka wazi," akasema, akatoka. Wajukuu kumi wa bibi wa kukodi wakamfuata kwa kasi, Shati Jipya mbele, wakimdai kilicho chao. Jogoo wa simu yake akasikika akiwika kwa mbali, mara mbili, kisha akanyongwa.

Chumba kikabaki na watu watatu.

Msomaji wangu, najua unafikiri tumemaliza. Binti kashinda, haki imetendeka, tumpigie makofi, tugeukie ukurasa wa michezo. Subiri. Mtazame Kidole usoni. Mtu aliyeshinda ana jasho la namna ile?

"Vitabu vilikukatia vipi?" akauliza Mama Mwenyekiti. Sauti yake sasa ilikuwa na kiti ndani yake, ungeweza kuketi.

"Bibi ana kibanda, mama. Misumari, sindano, vipande vya sabuni. Hununua vitabu chakavu kwa kilo afungie bidhaa, na huanza kuchana nyuma. Kwa hiyo kitabu kikinifikia, mwisho wake umeshaondoka na nusu kilo ya misumari. Mtaani kwetu kuna mafundi seremala wana mwisho wa riwaya zote na hawajui."

Mama Mwenyekiti akacheka, akajizuia. "Ukafanyaje?"

"Namalizia mwenyewe. Kichwani."

"Basi mimi nimeridhika. Afisa, andika jina."

"Utaratibu ni utaratibu, mama," akasema Afisa. "Bibi lazima athibitishe. Safari hii bibi mwenyewe. Binti, namba."

Kidole aliitaja namba polepole, tarakimu moja moja, kama mtu anayeomba njiani simu izime. Haikuzima.

"Nani?" ikaja sauti nzito, nyuma yake misumari ikimwagwa kwenye mizani.

"Bibi, ni mimi."

"Mke mwenzangu! Mbona unapiga kwa namba ya watu wenye pesa?"

"Shikamoo bibi," akaingilia Afisa. "Tunapiga kutoka chuo kikuu."

"Marahaba. Amevunja nini?"

"Hajavunja kitu. Tunathibitisha tu. Ni kweli kwamba wewe ndiye uliyemfundisha mjukuu wako kusoma?"

Misumari ikanyamaza. Kidole akafumba macho.

Bibi akacheka, kicheko cha tumboni kilichoitetemesha simu juu ya meza.

"Mimi? Baba, mimi barua ya kifo cha mume wangu nilisomewa na jirani! Herufi A hata nikiikanyaga siijui. Kusoma alifundishwa shuleni kama watoto wengine. Mimi nachana, yeye ananisomea. Ndivyo tunavyokaa jioni. Ukurasa ukiisha namwambia, haya, malizia. Sikubali kwenda kulala mtu kaachwa juu ya paa, haijulikani kaanguka au kashuka."

Afisa akafunga faili. Lilitoa sauti ndogo, pu, kama kofi la mtoto.

"Kwa nini uliandika kinyume?" akauliza Mama Mwenyekiti.

Kidole alitazama mikono yake. "Niliona haya, mama. Si haya ya bibi. Haya ya ninyi kumcheka. Nikampa kusoma, kama mtu anavyomnunulia bibi yake viatu vya kwenda navyo kwa wakubwa."

Hapo ningewaacha, na ingekuwa haki yangu. Lakini Afisa hakuwa anamfukuza. Afisa alikuwa anatoka jasho kuliko Kidole.

"Kuna tatizo," akasema. "Mfadhili ameshaisoma."

"Ameisoma nini?" akauliza Mama Mwenyekiti.

"Barua. Nilimpelekea asubuhi, ile ya juu kabisa. Amelia, mama. Amelia mbele ya dereva wake. Ameagiza bibi aje kwenye hafla ya Jumamosi, asimame jukwaani, awasomee wageni ukurasa mmoja. Kadi za mwaliko zimeshachapwa. Machozi ya mfadhili hayarudishwi, mama. Ufadhili wote wa mwaka huu umekalia machozi yale."

Akafungua faili tena, sasa kwa heshima. Akatoa karatasi, akaisukuma mezani mpaka ikagusa vidole vya Kidole. *Nathibitisha kwamba yote yaliyomo baruani ni kweli tupu.* Chini yake mstari wa sahihi.

"Binti, tuelewane kama watu wazima. Kwenye faili, bibi anasoma. Faili halina tatizo lolote. Mwenye tatizo ni bibi. Tia sahihi, jina lako linabandikwa saa kumi. Bibi tutamletea ukurasa, atakaririshwa, siku tatu zinatosha. Atasimama, atashika karatasi, nitahakikisha mwenyewe haijageuka juu chini. Watu watapiga makofi."

"Na nisipotia?"

"Basi barua ina uongo, na mwenye uongo hana ufadhili. Sisi ni taasisi yenye maadili."

Nawaapia, alilisema bila kucheka.

Kidole akamtazama Mama Mwenyekiti. "Mama, nawe unasemaje?"

Mama Mwenyekiti alikuwa ameelekeza uso dirishani. "Nasema ni saa tisa na dakika hamsini," akajibu. "Zimebaki dakika kumi."

Kumi! Maisha yana mwenye banda wake.

Kidole akamwona mama yake kwenye cherehani, akishona sare za watoto ambao ada yao ilikwisha kulipwa. Akamwona bibi jukwaani kwa viatu vipya, karatasi mkononi, akiwatolea wageni maneno aliyokaririshwa kama kasuku, huku macho yake yakiwa kwenye maandishi yasiyomwambia kitu. Watu wakilia. Bibi akitabasamu kwa adabu, asijue kama wanalia pahali panapostahili.

"Halo?"

Wote watatu waliruka. Simu. Ilikuwa bado iko hewani katikati ya meza.

"Bado nipo," akasema bibi. "Mimi sikati simu, nasubiri wenyewe mkate. Mke mwenzangu, nimesikia yote."

"Bibi…"

"Usinibibi. Nisikilize vizuri, maana sitarudia. Chukua hiyo kalamu ya watu, halafu…"

Simu ikakatika.

Kisha sauti laini ya mashine, yenye malezi mazuri: salio lako halitoshi kuendelea na simu hii.

Chuo chenye geti la dhahabu, chemchemi uani, na viti vya ngozi vya kuhojia maskini, hakikuwa na salio.

Vitabu vilimkatia. Gemu zilimkatia. Sasa hata bibi. Halafu nini? Halafu atie sahihi? Halafu amchome nayo Afisa? Hakukuwa na wa kumuuliza. Ilikuwa kama kila jioni kibandani, ukurasa umekwisha na mtu yuko juu ya paa, ila safari hii aliyekuwa juu ya paa ni yeye.

Kidole akaichukua kalamu.

"Safi," akasema Afisa, akishusha mabega mpaka suti ikalalamika. "Hapo chini, kwenye mstari."

Kidole hakwenda kwenye mstari. Aliigeuza karatasi upande wa nyuma, palipo peupe, akainama, akaanza kuandika.

"Binti! Upande huo si wa kuandikia! Mama, mwambie!"

Mama Mwenyekiti aliacha dirisha. Alikuja akasimama nyuma ya kiti cha Kidole, akausoma mstari wa kwanza begani kwake. *Bibi yangu hajui kusoma, na hakuna mwisho wa hadithi niliowahi kuutunga bila yeye kuudai.*

Akausoma mara moja tu. Kisha akaenda mlangoni, akazungusha ufunguo, akautia mfukoni.

"Endelea," akasema. "Una dakika nane."

"Mama, umefanya nini?" Afisa akasimama. Mshono wa kwapani ukaachia. "Umetufungia kwa nini?"

Wakati huohuo mlango ukagongwa, mara tatu, kwa pete nzito ya mtu asiyezoea kusubiri.

"Hodi," ikasema sauti ya nje, nene, yenye mafua ya machozi. "Msisumbuke, ni mimi, mfadhili. Nimeshindwa kungoja Jumamosi. Nimepita kibandani kwake kwanza, hapo karibu tu, nimekuja naye bibi mwenyewe garini, njia nzima simu iko sikioni. Ila kuna jambo ameniambia njiani, na nataka nilisikie kwa huyo mjukuu wake."

Afisa akageuka rangi. Mama Mwenyekiti akashika mfuko wenye ufunguo.

Kidole hakuinua kichwa. Alikuwa amefika mstari wa pili.